Miaka Kumi au Kumi na Mitano: Nyumba ya Dereva Kikoti

Vijana mnaokuja kuniuliza habari za mkopo wa nyumba huwa mnaanza na riba. "Riba yake ngapi, bibi?" Ni swali la maana, sikatai. Lakini mimi nilikaa kwenye dawati la mikopo ya nyumba tangu nikiwa msichana wa kuvaa viatu virefu vya raizoni mpaka nikawa mtu wa kutafuta miwani iliyo usoni pangu mwenyewe. Watu wengi niliowaona wakihangaika hawakuhangaishwa na riba. Walihangaishwa na muda. Mmoja alichukua muda mfupi mno akakosa pumzi, mwingine akachukua mrefu mno akasahau kwamba anadaiwa.

Nilianza kazi Mbeya, miaka ya sabini. Jina langu Atuganile, mtu wa Tukuyu, lakini ofisini walilikata wakaniita Atu. Mkuu wetu alikuwa Mzee Sanga, Mkinga wa Makete, mtu mfupi asiyevua koti hata jua likiwaka. Tulikuwa na mashine moja ya hesabu, ile ya kuzungusha mkono, na ikikwama Mzee Sanga aliipiga kofi pembeni, ikaendelea. Mimi nikiipiga haikuendelea. Mpaka leo sijui alikuwa anaipiga wapi.

Siku yangu ya kwanza kwenda kukagua ujenzi nilivaa raizoni na suruali ya bugaluu yenye miguu mipana, nikaenda Mwanjelwa mwezi wa tatu. Anayeijua mvua ya Mbeya ya mwezi wa tatu ameshaelewa. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope, na fundi mwashi ndiye aliyekichimbua kwa mwiko wake. Tangu siku hiyo nilikuwa na mabuti yangu chini ya meza. Nawaambia hivi kwa sababu siku hizi naona maofisa wanaidhinisha mkopo bila kuiona nyumba. Nendeni mkaione. Siku zile hela hazikutolewa zote kwa mkupuo. Ukimaliza msingi tunakuja kuangalia, unapewa za ukuta. Ukifika linta, juu ya madirisha, tunakuja tena, unapewa za bati. Na kila tulipokwenda tuliona zaidi ya ukuta. Tuliona kama kuna moshi jikoni.

Somo la kwanza alilonipa Mzee Sanga lilikuwa hili. Mteja akikaa, usianze kumuuliza mshahara wake. Muulize mwezi wa pili wanakula nini.

"Kwenye mshahara atakudanganya," aliniambia. "Si kwamba ni mwongo. Atakutajia ule wa mwezi mzuri. Mwezi wa kwanza ada na sare za watoto zimeula. Mwezi wa pili mahindi ya zamani yamekwisha na mapya bado mabichi shambani. Kama mwezi wa pili anaweza kulipa, basi mwaka mzima atalipa."

La pili lilikuwa la hesabu. Karibu kila mteja aliamini kwamba ukiongeza muda mara mbili, rejesho la mwezi linakatika nusu. Halikatiki. Kwa riba ya siku zile, ukitoka miaka kumi ukaenda ishirini, rejesho lilipungua kama theluthi tu, na riba utakayokuwa umelipa mpaka mwisho ikazidi mara mbili. Kwa hiyo muda mrefu unanunua pumzi, na pumzi hiyo ina bei. Kazi yetu ilikuwa kumsaidia mtu ajue anahitaji pumzi kiasi gani, asinunue zaidi ya hapo wala pungufu.

Sasa niwaeleze habari za Yohana Kikoti, maana nikizieleza hizo nimeeleza karibu yote ninayoyajua.

Kikoti alikuwa Mhehe wa Kalenga, dereva wa lori la serikali, mwenye miaka arobaini hivi. Mkewe aliitwa Kabula. Wazazi wa Kabula walitoka Usukumani na ng'ombe wao wakahamia bonde la Usangu. Kikoti alimpata huko Ubaruku alipokuwa akienda kupakia mpunga. Mwenyewe alipenda kusema kwamba siku hiyo alipakia magunia pungufu kwa sababu akili haikuwa kwenye magunia. Wakahamia Mbeya, wakapanga chumba na nusu, wakapata watoto watatu, mkubwa akiitwa Neema. Kabula akaanza kuuza mchele sokoni Mwanjelwa. Mchele alioupanga yeye ulikuwa hauna jiwe, na watu walijua.

Walikuwa wamepata kiwanja, wamefyatua tofali na kuzichoma wenyewe. Walikuja ofisini pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Wanaume wengi walikuja peke yao.

Nikazungusha mashine, nikawaandikia marejesho mawili kwenye karatasi: la miaka kumi na la miaka kumi na mitano. Ishirini hatukuigusa, kwa sababu Kikoti angestaafu akiwa na hamsini na tano, na Mzee Sanga hakukubali mkopo uvuke siku ya mwisho ya mshahara. Hilo nalo lishikeni. Kabla ya kuchagua muda, jiulize utapokea mshahara mpaka lini.

Kikoti aliangalia karatasi mara moja tu. "Kumi," akasema.

"Baba Neema," Kabula akamwambia taratibu, "hebu tuulizie ile nyingine kwanza."

"Ya nini? Deni ni la kutoka haraka. Ukikaa nalo linakuzoea."

"Hiyo ya kumi inataka karibu nusu ya mshahara wako."

"Kuna posho ya safari."

"Posho si mshahara. Lori likiharibika, posho haipo."

Kikoti akanigeukia mimi. "Dada Atu, mimi deni nalijua. Nilikuwa mtoto, nikaona watu wanakuja nyumbani kwetu kuchukua ng'ombe wa kulimia kwa deni la baba. Wote wanne. Mama alisimama mlangoni. Miaka kumi na mitano nikiwa na kitu kama hicho kichwani? Siwezi."

Mimi nikampelekea Mzee Sanga faili lao. Akamwita Kikoti ndani, akazungumza naye kwa muda mrefu, akamwonyesha kwamba bila posho rejesho lile lingembana. Kikoti akasema ataongeza safari. Mzee Sanga akamwambia kuna njia ya katikati: chukua muda mrefu, halafu mwezi ukiwa mzuri lete ya ziada, utamaliza mapema. Kikoti akacheka. "Mzee, hela ikiwa mkononi mwangu na hakuna anayenidai, nani ataileta hapa?"

Na kwa kweli hapo alikuwa na hoja. Tulikuwa na mteja mmoja, karani, aliyechukua muda mrefu akiahidi kuleta ya ziada. Ile ya ziada ikawa radio kubwa, kisha ikawa pikipiki, na pikipiki ikamtupa mtaroni. Kuna watu ambao muda mfupi ndio dawa yao. Baadaye nikiwa Iringa nilimhudumia muuguzi mmoja, mwanamke asiye na mume wala mtoto, mshahara wake wote ni wake. Alitaka miaka kumi na mitano kwa sababu wenzake wote walichukua hiyo. Nilimshauri kumi, akamaliza, akajenga vyumba vya kupangisha nyuma. Kwa hiyo mtu asije akawaambia muda mrefu ni bora au muda mfupi ni bora. Amwangalie kwanza anayekopa.

Kikoti akasaini kumi. Kabula hakuulizwa. Fomu haikuwa na mahali pa kumuuliza.

Wakajenga. Nilikwenda kukagua msingi, nikaenda tena kukagua linta, safari hizo nikiwa na mabuti. Saruji ilikuwa ya kuwinda wakati ule, na Kikoti aliipata mfuko mmoja mmoja alikokwenda na lori. Wakahamia kabla ya kupiga lipu. Kabula alipanda maua kwenye kopo mbele ya mlango ambao ulikuwa bado ubao mtupu.

Mwaka wa kwanza walilipa vizuri. Mwaka wa pili mimi nikahamishiwa Iringa. Nikawa huko napambana na baridi nyingine na mafaili mengine, nikawasahau.

Siku moja asubuhi simu ikalia, ni Mzee Sanga kutoka Mbeya. Laini ilikuwa inakwaruza, ikabidi tupige kelele kama watu walio ng'ambo mbili za mto.

"Binti, unamkumbuka Kikoti? Dereva?"

"Namkumbuka."

"Ameumia. Pipa la mafuta lilimwangukia mguuni akishusha mzigo Makambako. Yuko kwenu huko, Kalenga, kwa mama yake anauguza mguu. Na nyumba yake imefika kwenye notisi."

Akanieleza. Kikoti alipoumia, mshahara uliendelea kuja, lakini posho ilikatika siku ile ile. Kabula akaanza kujazia rejesho kwa hela ya mchele. Rejesho la kwanza akalijazia kwa faida. La pili kwa mtaji. Mwezi uliofuata alikwenda Ubaruku akarudi na gunia moja badala ya manne, kisha hata hilo moja akalikosa. Hakumwambia mumewe, asije akataka kurudi kazini na mguu mbovu. Marejesho yakarudi nyuma, na ofisi ya juu ikaandika kwamba nyumba itangazwe kuuzwa.

"Kabula amekuja hapa," Mzee Sanga akasema. "Hajalia wala hajaomba asamehewe. Ameuliza kitu kimoja tu, kama muda unaweza kubadilishwa. Nimemwambia unaweza, ila mkopaji asaini. Amemwandikia mumewe. Mumewe amekataa."

"Amekataa?"

"Amesema alisaini kumi, atalipa kumi. Nenda ukamwone. Mimi ofisi ya juu nitawashika mpaka mwisho wa mwezi, zaidi ya hapo siwezi."

Kalenga si mbali na Iringa mjini. Nilipanda gari la asubuhi, nikashuka nikatembea kidogo katikati ya mashamba ya mahindi. Nilimkuta Kikoti amekaa kwenye kiti nje ya nyumba ya mama yake, mguu umenyooshwa juu ya kigoda, magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa amekonda. Mama yake alikuwa anapukuchua mahindi, akaniletea kigoda na kunisalimia kwa Kihehe.

"Kamwene."

"Kamwene, mama."

Kikoti alijua nimefuata nini. "Dada Atu, umetumwa," akasema.

"Nimetumwa."

"Waambie nitarudi kazini mwezi ujao."

"Kazini utapewa stoo, Bwana Kikoti. Umeshaambiwa. Stoo haina posho."

Akaangalia mashamba. "Mke wangu anauza mchele."

Sikuwa nimepanga kumwambia, lakini nikaona nikinyamaza nitaondoka bila kitu. "Mke wako hauzi mchele. Meza yake sokoni amewaachia wengine. Mtaji wote ameuleta kwetu."

Niliona mkono wake umeshika ukingo wa kiti. "Hakuniambia," akasema.

"Asingeweza kukuambia."

"Basi ndiyo sababu ya kumaliza haraka! Deni ndiyo hivyo. Lilimla baba, sasa linamla mke wangu. Halafu ninyi mnakuja mnasema niliongezee miaka, likae na sisi mpaka nizeeke!"

Hapo mama yake akaacha kupukuchua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuchagua maneno, akawa anakwenda polepole.

"Yohana. Nani amekuambia deni ya baba yako ilikuwa ya muda mrefu?"

"Niliona mwenyewe, mama. Ng'ombe."

"Uliona ng'ombe. Karatasi hukuona, ulikuwa mtoto." Akanigeukia mimi, kama vile mimi ndiye niliyehitaji kujua. "Baba yake alichukua hela kwa mwenye duka, anunue plau na mbegu. Yule mwenye duka alimwambia, lipa misimu mitatu. Baba yake akakataa. Akasema, mimi mwanaume, nitalipa msimu moja tu nimalize. Wakaandika msimu moja. Mvua ikakatika. Msimu ile ile."

Akaokota gunzi, akalitupa kwenye rundo.

"Jirani yetu alichukua deni kama ile ile, ya misimu mitatu. Mwaka ile mbaya alilipa kidogo, miaka ya mbele akalipa ingine. Ng'ombe yake haikuchukuliwa. Baba yako aliumwa na hiyo mpaka anakufa. Hakukuambia kwa sababu aliona aibu. Na mimi sikukuambia kwa sababu hukuniuliza."

Mimi nilinywa togwa niliyopewa, nikaangalia pembeni, maana kuna wakati ofisa wa mikopo hana kazi. Mama akarudi kwenye mahindi yake. Ilikuwa inasikika tu ile sauti ya punje zikidondoka kwenye ungo.

Baadaye Kikoti akaniuliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Ikiongezwa, inakuwaje?"

Nikatoa karatasi niliyokuja nayo. Alikuwa amelipa miaka miwili, imebaki minane. Tukiinyoosha iwe kumi na mitatu, inaishia pale pale anapofikisha hamsini na tano. Malimbikizo yanaingizwa humo humo. Rejesho linashuka kama robo, na mshahara mtupu bila posho unalitosha. Nikamwonyesha na upande wa pili, kwamba riba kwa jumla itakuwa kubwa zaidi. Sikumficha. Mteja akijua bei ya kitu anachonunua hatakulaumu baadaye.

Aliisoma karatasi ile kwa muda mrefu. Mara hii aliisoma yote.

Ilikwendaje mwisho wake? Vizuri, lakini si kwa haraka. Kikoti alirudi Mbeya akafanya kazi stoo, akichechemea. Kabula alianza tena na debe moja la mchele la kukopeshwa na shangazi yake wa Ubaruku, na ilimchukua muda kurudi kwenye magunia. Kila mwezi wa pili walilipa kama kawaida, bila ziada. Baada ya mavuno mchele unaposhuka bei na yeye kununua kwa wingi na kupata faida nzuri, Kabula mwenyewe alileta ya ziada, na hakuna radio iliyoingilia kati. Walimaliza kabla ya muda. Nyumba ipo hadi leo, imepigwa lipu, na Neema ndiye anayekaa humo na wajukuu wa Kikoti.

Mkiniuliza niwape ushauri, nitawapa ule ule wa dawati letu. Chukua muda ambao mwezi wako mbaya unauweza. Usihesabu posho, wala biashara ambayo bado iko kichwani. Usivuke siku ya kustaafu. Ukichukua mrefu, uwe mtu wa kuleta ya ziada, na kama hujijui, mtafute ndani ya nyumba yako mwenye tabia hiyo umpe kazi ya kuleta. Na kabla ya kusaini, mwache mwenzako aseme.

Kuna siku moja nimeiruka, nayo ni siku ya kusaini ule mkataba mpya. Nilikuwa nimetumwa Mbeya kwa kazi nyingine nikawepo. Kikoti alifika na basi kutoka Iringa, akapanda ngazi za ofisi kwa magongo, Kabula nyuma yake amembebea mfuko. Mzee Sanga akawasomea karatasi yote, neno kwa neno, kisha akampa Kikoti kalamu.

"Kabla hajasaini," Kabula akasema, "nina neno."

Mzee Sanga akamwambia aseme.

"Mtaji wangu wote umeingia kwenye nyumba hii. Na hiyo miaka inayoongezwa, mchele wangu ndio utakaoisaidia. Naomba na mimi niandikwe."

Mambo hayo hayakuwa yakisemwa na wanawake mbele ya maofisa, hata mimi niliyekuwa mwanamke na ofisa sikuwahi kuyasikia. Kikoti alimwangalia mkewe.

"Mama Neema, ungeniambia nyumbani."

"Nyumbani ungesema tutaongea kesho."

Kuna aliyecheka nyuma, nadhani nilikuwa mimi. Kikoti akatikisa kichwa, akaisukuma karatasi irudi kwa Mzee Sanga. "Mwandikeni," akasema. "Anachosema ni kweli."

Mzee Sanga akaigeuza ile fomu, akaitazama juu na chini. "Tatizo fomu ina mstari mmoja tu wa mkopaji," akasema. "Na ofisi ya ardhi nao itabidi wapelekewe barua, wabadilishe hati ya kiwanja kule."

"Mstari ongezeni," Kabula akamjibu. "Na barua tutaingoja."

Mzee Sanga akafungua droo, akatoa rula, akachora mstari wa pili chini ya ule wa kwanza, akaugongea muhuri pembeni asije mtu akasema umeghushiwa. Kikoti akasaini mara moja, kwa ule mkato wake wa kidereva. Kisha akampisha mkewe kiti. Kabula alikuwa amejifunza kuandika ukubwani, kwenye madarasa ya elimu ya watu wazima. Aliishika kalamu karibu na ncha, akaliandika jina lake herufi moja moja, lote, bila kulifupisha, na sisi sote tukasimama tukamngoja amalize.